Magamba kuna baridi, lakini wakurugenzi wamejaa tele!

Najua nimepotea, wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Bado nipo jamani! Testi zilinibana, na mvua za huku Magamba nazo zikitaka kuondoka na umeme haziagi. Leo nimerudi na jambo moja lililonikaa kooni muda mrefu, na nitalitema kama lilivyo. Atakayekasirika anywe chai ya tangawizi kwanza, baridi imtoke, halafu anijibu kwa hoja.

Jambo lenyewe ni hili la kujijengea jina. Wenyewe wanaita brendi. Hapa chuoni limeingia kama mafua ya mwezi wa saba, kila mtu kaambukizwa. Mwezi haupiti bila semina. Anakuja bwana mmoja kutoka mjini, kavaa suti ya kubana, kazipanda zile kona za kutoka Mombo mpaka kichefuchefu kimemshika, anaingia ukumbini anatetemeka, anashika kipaza sauti: "Wewe mwenyewe ni brendi!" Ukumbi mzima makofi. Kiingilio elfu tano, ukitaka cheti cha kuhudhuria ongeza elfu kumi. Kisha yanakuja mafundisho: piga picha umekunja mikono kifuani, tafuta nembo, chagua rangi zako mbili, andika kwenye wasifu wako kwamba wewe ni Mkurugenzi Mtendaji, na bandika kitu kila siku hata kama huna la kusema.

Wiki inayofuata pita bwenini uone maajabu. Chumba chetu tunalala wanne, kina kampuni tatu! Mwenzangu wa kitanda cha juu (kaniruhusu nimwandike, ila jina nisilitaje) ana nembo, ana kauli mbiu, ana kadi mia moja alizochapisha steshenari kule Lushoto mjini, ana wafuasi mia nane. Nikamuuliza, "Haya dada Mkurugenzi, kampuni yako inafanya kazi gani?" Akanijibu, "Bado natafakari." Sasa hao mia nane wanamfuata kwenda wapi?

Lakini tusicheke sana, manake mchezo huu una watu unaowaumiza kweli. Kuna kaka mmoja alimaliza hapa miaka miwili iliyopita, kijana mwenye akili zake. Alitoka kwenye semina ya aina hiyo kawaka moto. Akarudi kijijini kwao, akamshawishi mama yake, mama akauza mtamba. Mtamba jamani! Ng'ombe ambaye angezaa na kukamuliwa. Hela ikanunua kompyuta, ikalipia picha za studio, nembo na ukurasa wa matangazo. Miezi minane kaka yule akawa anaamka, anajipiga picha na kompyuta, anaandika "nipo kazini", analala. Mteja hata mmoja hakutokea, kwa sababu hakuna mahali popote alipoonyesha anachoweza kufanya. Mwishowe kompyuta ikauzwa kwa nusu ya bei. Bwana wa suti yeye alishashuka mlima zamani na viingilio vyake.

Kwa hiyo hoja yangu leo ni hii, naiweka mezani: wanatufundisha kinyumenyume. Kazi ndiyo ng'ombe, jina ni mkia. Wao wanatuuzia mkia, halafu wanatuambia tuushike, ng'ombe atakuja mwenyewe nyuma yake.

Niseme nasimama wapi ili msiseme naongea tu. Mimi nafanya vibarua vya kompyuta. Natafsiri, naandika yale maneno yanayopita chini ya video, napanga kurasa za vijitabu, natengeneza kadi za michango ya harusi. Muhula ukiwa umefunguliwa nafanyia kitandani hapa bwenini, likizo nafanyia nyumbani kwetu Korogwe. Baba alishaniambia ada atapambana nayo yeye, chakula na mengine nijitegemee. Kwa hiyo kwangu mimi habari hii si mada ya semina, ni ugali.

Haya tuanze na majina. Mnaokumbuka, kulikuwa na mtandao wa simu unaitwa Celtel. Mwaka 2008 ukaitwa Zain. Mwaka 2010 ukaitwa Airtel. Rangi zikabadilika, mabango yakabadilika, vibanda vikapakwa upya. Bibi yangu yeye aliendelea kuuliza swali lilelile: "Mtandao upo au haupo?" Novemba 2024 Tigo nao wakageuka kuwa Yas, na Tigo Pesa ikaitwa Mixx by Yas. Nenda kwa wakala yeyote uone, watu bado wanasema "nitoleeni tigo pesa". Mnaona jambo hapo? Jina linalokaa mdomoni mwa watu ni lile lililowahudumia muda mrefu. Kampuni kubwa ikibadili jina ina mabilioni ya kutufundisha jina jipya, na bado tunasahau. Wewe mwenye bumu lililoisha wiki ya tatu unabadilisha jina la kampuni kila muhula, nani akukumbuke?

Halafu wanatudanganya kwamba brendi ni elimu mpya imeletwa na simu. Si kweli! Pwani yetu imejua mambo haya zamani. Kule Mombasa kuna duka la kanga lilianzishwa mwaka 1887 na Kaderdina Hajee Essak. Kanga zake zina alama: K.H.E., Mali ya Abdulla. Bibi zetu wengi wasiojua kusoma gazeti waliijua alama ile. Kwa nini? Kwa sababu walizivaa kanga zile, wakabebea watoto, wakazifua na kuzianika juani, wakaona zinavyodumu. Alama ilikuwa ni kumbukumbu ya kanga ya jana, inayomfanya mama anunue ya leo bila kubishana. Basi. Hiyo ndiyo brendi yote, unaweza kuisoma bila kulipa elfu tano.

Mfano wangu mkubwa lakini ni mzee Edward Saidi Tingatinga. Mtu wa Tunduru, kazaliwa 1932. Ujana wake aliuleta huku kwetu mkoa wa Tanga kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, kama walivyofanya maelfu ya vijana wa kusini enzi zile. Baadaye akahamia Dar es Salaam, akafanya vibarua mbalimbali. Kwenye mwaka 1968 hivi akaanza kuchora. Turubai la wachoraji hakuwa nalo, alichora kwenye vipande vya hardboard za kujengea. Rangi za studio hakuwa nazo, alitumia rangi za kupakia baiskeli. Alifanyia kazi nyumbani, Msasani, ndugu na jamaa wamemzunguka wanajifunza, na picha zikiuzwa pale Morogoro Stores, Oyster Bay, walikokuwa wanapita Wazungu. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kimakosa, akafa. Hesabuni wenyewe: ni kama miaka minne tu ya kuchora! Leo mtindo mzima wa uchoraji unaitwa kwa jina lake, dunia nzima, na kuna chama cha ushirika cha wachoraji kinachobeba jina hilo. Nani alimtengenezea nembo? Nembo yake ilikuwa yule chui mwenye madoa na yule ndege mwenye shingo ndefu. Ukiona picha hata kwa mbali unajua ni ya nani kabla hujasoma saini.

Sasa nasikia mtu anasema, "Aah, unatuletea ile methali ya kizuri chajiuza kibaya chajitembeza." Hapana. Methali hiyo naikataa, na naikataa kwa mfano huohuo wa Tingatinga. Picha zake hazikujiuza zikiwa zimelala chumbani Msasani. Zilibebwa, zikapangwa barabarani walipopita wanunuzi. Kizuri kikifungiwa kabatini kinaliwa na mende kama kibaya tu. Kwa hiyo kujitangaza ni lazima, hilo sibishi. Ninachobisha ni kutangaza uso badala ya kazi. Mzee yule hakupanga picha zake mwenyewe amekunja mikono. Alipanga chui.

Na msidhani jina ni anasa ya kupuuzwa. Kazi bila jina nayo ni mateso. Angalieni hapahapa mlimani. Kabichi na karoti za Magamba zinapakiwa kwenye fuso, zinashuka Soni, zinashuka Mombo, asubuhi zipo sokoni Dar es Salaam. Zikifika kule zinaitwa kabichi na karoti, kwisha. Mkulima aliyeamka saa kumi usiku na baridi hii hajulikani na mtu, na dalali ndiye anayempangia bei. Lakini jamu na jibini za shamba la Irente, hapohapo Lushoto, zina chapa. Mgeni anaziulizia kwa jina. Udongo ni wa Usambara, mvua ni ileile, tofauti ni kwamba kimoja kina jina la mtu wa kumrudia.

Jirani zetu wa Kenya wamelionja hili kwa upande mchungu zaidi. Miaka mingi sasa vijana wengi wa kule, wahitimu kabisa wa vyuo vikuu, wamekuwa wakikaa vyumbani mwao wakiandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo. Ipo filamu ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mwenyewe ana asili ya Kenya, akiwatafuta waandishi hao. Ukitaka watu wanaojua kufanya kazi nyumbani, ndio hao: wanakesha, wanamaliza kurasa ishirini kwa usiku mmoja, wanajua leo uuguzi kesho sheria. Lakini kazi yote inaondoka na jina la mwingine. Digrii anapata mwingine, ajira anapata mwingine. Miaka kumi ya kuandika, ukimuuliza nionyeshe ulichoandika, hana hata ukurasa mmoja wa kukuonyesha. Na mwaka 2022 Uingereza ikapitisha sheria inayofanya biashara hiyo kuwa kosa kwa vyuo vya England. Yaani jasho lako lenyewe ni la kuficha.

Nawaambia hili kwa sababu na hapa kwetu lipo, tusijifanye watakatifu. Mwezi uliopita nimeletewa laki moja na nusu taslimu nimwandikie mtu ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Laki na nusu kwangu mimi ni mwezi na zaidi wa kula. Nikakataa. Akaniuliza kama nimeokoka siku hizi. Nikamwambia dini haijaingia hapa, ni hesabu tu: kazi ambayo siwezi kumwonyesha mteja wa kesho hainijengi, inanila. Naweza kukusahihishia lugha, naweza kukupangia kurasa, na nitaandika kwenye risiti kwamba nimefanya hivyo. Kukuandikia siandiki. Kaenda kwa mwingine, na mimi mwezi ule nilikula dagaa sana tu.

Kuna mtego mwingine ambao bwana wa suti hatuambii, manake naye anapata mkate wake humohumo. Anatuambia tujisajili kwenye mitandao mikubwa ya vibarua, basi dunia itatufungukia. Jisajili, sawa, si vibaya. Hata mimi nimo. Lakini ujue ile ni nyumba ya kupanga. Elance na oDesk ziliungana mwishoni mwa 2013, mwaka 2015 zikawa Upwork, masharti yakabadilika na waliokuwamo wakafuata. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, walilokuwa wanalitegemea vijana wengi wa Kenya kwa kazi za kuchambua picha na maneno nyumbani kwao, liliondoka Kenya kwa barua pepe tu. Watu wameamka asubuhi, mlango umefungwa. Nyota zote tano ulizokusanya humo hubebi hata moja. Kwa hiyo mimi kila mteja ninayemfanyia kazi naandika kwenye daftari langu: jina, alichotaka, tarehe niliyomkabidhi, na namba ya kumpata. Daftari la mistari la elfu moja mia tano. Hilo hakuna wa kulifunga kwa barua pepe.

Daftari hilo lina kazi nyingine pia, nalo linanipeleka kwenye sehemu ya pili ya ugomvi wangu: kufanya kazi nyumbani.

Hapa nina ugomvi na wazee wangu, kwa heshima zote. Mtoto akivaa tai akaenda kukaa kwenye ofisi ya mtu, hata kama anashinda anapiga miayo, anaitwa yupo kazini. Mtoto akikaa mezani nyumbani tangu alfajiri, mgongo unauma, macho mekundu, anaitwa "yupo tu". Na akiwa wa kike ndiyo usiseme! Likizo iliyopita shangazi alikuja kukaa kwetu. Nipo katikati ya kazi, nina saa tatu za kuikabidhi, naitwa: "Mwanangu, si upo tu, hebu kasagishe mahindi." Narudi, naitwa tena: "Mwanangu, si upo tu, mbembeleze huyu mtoto." Kaka yangu yupo sebuleni anaangalia mpira, yeye haitwi. Shangazi hana ubaya, ananipenda kweli, ila machoni pake kazi isiyo na lango la kuingilia si kazi.

Nikamwita mama na shangazi tukakaa. Nikawafungulia daftari. Nikawaonyesha: hii kazi ndiyo iliyonunua mtungi wa gesi, hii ndiyo sare za mdogo wangu. Tukaelewana kwa jambo rahisi tu. Nikining'iniza kanga mlangoni, nipo kazini, asiniite mtu isipokuwa nyumba inaungua. Kanga ikishuka, ni mtoto wa nyumbani, nitumeni mtakako. Na kaka naye akaingizwa kwenye zamu ya kusaga mahindi (hilo lilikuwa na kelele kidogo). Siku hizi mama mwenyewe anawaambia wageni, "Msipige kelele, kanga ipo juu."

Wapo wanaosema nyumbani hakuna utulivu wa kufanya lolote la maana. Mzee Shaaban Robert, mtoto wa Machui, Tanga, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni tangu mwaka 1926. Mchana wake haukuwa wake. Na bado mpaka anafariki 1962 aliacha vitabu zaidi ya ishirini. Zipo barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, TUKI walizitoa kama kitabu mwaka 2002. Mtu huyo hakusubiri ofisi yenye viti vya kuzunguka, wala hakusubiri ajisikie vizuri.

Mimi si Shaaban Robert, lakini kanuni zangu ndogo nawapa bure, bila cheti. Kwanza, sihesabu saa nilizokaa, nahesabu nilichokabidhi. Kukaa mbele ya kompyuta saa kumi si kazi, hata mlinzi anakaa. Pili, kazi ngumu naifanya kabla dunia haijaamka, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili, simu ikiwa ndani ya sanduku la nguo upande wa pili wa chumba. Kwa baridi ya Magamba kutoka kwenye blanketi kuifuata simu si jambo la mchezo, kwa hiyo baridi hii inanisaidia! Tatu, nusu ya malipo mwanzoni, kabla sijagusa kazi. Asiyetaka kutoa nusu mwanzoni hatatoa yote mwishoni. Nne, masahihisho mara mbili tu, tumeandikiana. Tano, hela ya kazi inaingia kwenye laini yake peke yake, hela ya vitumbua inatoka kwenye nyingine. Sita, tarehe ninayomwambia mteja ina siku moja ya ziada ndani yake.

Hiyo ya sita si uvivu. Nchi yetu tunaijua. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 tuliuona. Mei 2024 nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikawa inatambaa kama kinyonga. Kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mteja wa ng'ambo hajui habari hizo, yeye anaona umepotea tu. Ndiyo maana nashangaa mtu anayeishi hapa anadharau wateja wa karibu, anawaota wa Ulaya tu. Katika siku zile kimya, mama mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa alipanda mpaka hapa na flashi yake mkononi, nikampangia katiba ya kikundi, akanilipa mkononi. Hajui brendi ni nini. Alisema ameambiwa na mwenzake kwamba "yule binti akisema Alhamisi ni Alhamisi." Wadau, hiyo sentensi ningeweza kuichapa kwenye kadi zangu mia moja, kama ningekuwa nazo.

Na hapa ndipo ninapowaomba mtafakari kwa makini. Tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipotoka, mashine inatafsiri kwa sekunde kile ninachokifanya kwa saa tatu. Nembo inachora, kauli mbiu inatunga, hata ile picha ya kukunja mikono inakutengenezea bila kwenda studio. Yaani vyote anavyotuuzia bwana wa suti sasa ni vya bure! Kilichobaki ambacho mashine haina ni kitu kimoja: haina jina la kuaibika. Maelezo ya dawa yakisema vidonge viwili na mashine ikaandika mara mbili, utamuuliza nani? Mimi nitaulizwa. Namba yangu ipo, bweni langu linajulikana, jina la baba yangu linajulikana. Mteja anayenilipa siku hizi ananilipia hicho, kwamba nimesoma kila mstari na nimekubali kuwajibika nao. Kwa hiyo jina lina thamani kubwa leo kuliko zamani, ila ni jina la aina ile ya Mali ya Abdulla, si la aina ya kitanda cha juu.

Nimeshaongea na Mkurugenzi wangu wa kitanda cha juu, msidhani namsengenya. Yule dada anashona vizuri ajabu, masweta anayofuma kwa mkono hapa kila mtu anayataka, na yeye anaona aibu kuyataja kwa sababu "si ya kidijitali". Nimemwambia afute kila kitu kwenye ukurasa wake, abandike masweta kumi, bei, na siku atakazomaliza. Kwenye mlima huu wenye baridi ya kukaza meno, anatafakari kampuni ifanye nini! Kasema atafikiria. Nitawapa habari.

Na semina ijayo wala sitaisusia. Elfu tano nitatoa, nitakaa mbele, na muda wa maswali ukifika nitauliza matatu tu. Mheshimiwa, tuonyeshe kazi ya mwisho uliyomkabidhi mteja ambaye si mwanafunzi. Tuonyeshe ilichelewa siku ngapi. Na yule mama aliyeuza mtamba, tumwambie nini?

Akijibu yote matatu, nitampigia makofi mimi wa kwanza na cheti nitanunua. Asipojibu, basi nanyi mtakuwa mmejua kinachouzwa pale ni nini.

Nisiwachoshe. Mwenye hoja tofauti alete, mlango uko wazi, ila njoo na kazi mkononi. Kanga naipandisha sasa hivi, nina kurasa kumi na nne za watu zinanisubiri na nimeahidi Alhamisi.

Nawasilisha. Tupo pamoja!